Kazi Aliyopewa kwa Utani

Kidawa binti Abdulwahab wa Mlandizi alikuwa na mdomo. Hilo tulimalize mapema, maana watu wa mtaani kwao watakwambia kabla hata hujauliza. Alikuwa na mdomo, alikuwa na shahada ya kompyuta, na alikuwa na meza ya kukodi kwenye stesheneri moja karibu na soko, ambako alichapa barua za watu, akatoa fotokopi za vyeti vya watu, na kuwajazia watu maombi ya kazi mtandaoni. Tena aliowajazia wengine walipata! Kuna mmoja alirudi na soda ya asante, akamwambia, "Da Kidawa, mkono wako una baraka." Kidawa akainywa ile soda kwa hasira mpaka ikampalia.

Hasira yenyewe ilitoka Kisarawe. Baba yake mdogo, Mbaraka, ana duka la vifaa vya ujenzi kule: misumari, mabati, nondo, rangi, makufuli. Muuzaji wake wa siku nyingi aliolewa akahamia Kilwa, na Mbaraka akamwambia kaka yake bila kuzunguka kwamba anamtaka Kidawa. Mzee Abdulwahab analima bonde la Ruvu, na kwa maoni yake mtoto kukaa nyumbani na shahada ni sawa na kununua jembe ukaliweka uvunguni. Alikubali. Kidawa akalia, mama yake Mwamvita akalia naye, mpaka mzee akalegeza.

"Hiyo intavyuu yako ya Kibaha, nenda," alisema. "Ukipata, alhamdulillah. Ukikosa, Kisarawe, na sitaki kusikia neno."

Misumari haina ubaya, jamani, nani atajenga bila misumari? Ila Kidawa alikuwa anaipenda kazi yake. Akikaa kuandika programu anasahau kula, anasahau simu, anasahau hata kuwasema watu. Alijua akishaanza kupima nondo Kisarawe mwaka utapita, na mwingine utapita, ataozwa kwa fundi mmoja mwenye adabu zake, na habari ya kompyuta itakuwa imekwisha.

Basi kampuni yenyewe iliitwa Mbalamwezi. Iko Kibaha, Maili Moja, ghorofani, juu ya duka la magodoro, na kufika kwenye ngazi ni lazima upenye katikati ya magodoro. Ukishapanda, unakuta dunia nyingine. Ukuta wa njano. Bembea ndani ya ofisi. Jokofu la juisi lisilo na juisi. Meza ya kuchezea mpira ambayo hakuna aliyemwona mtu akiichezea. Na wafanyakazi wote walikuwa wakuu. Huyu Mkuu wa Ukuaji, yule Mkuu wa Maono, yule pale anayechaji simu ni Mkuu wa Ubunifu. Dada wa mapokezi, Recho, aliitwa Mratibu wa Furaha, na sijui furaha ile aliiratibia wapi, kwa sababu usoni kwake haikufika.

Mwenye kampuni alikuwa Wilfred, mtu mzima na ndevu zake, anayevaa raba nyeupe pee. Alikaa nje ya nchi kidogo, akarudi na sheria: hapa hakuna bosi, hapa hakuna mzee, hapa hakuna shikamoo, kila mtu aniite Willy. Kidawa siku ya kwanza aliingia akasema "Shikamoo" kama alivyolelewa. Recho akamkata hapohapo.

"Dada, hapa hatuamkiani hivyo. Hapa tunasema hai."

"Haya," Kidawa akamgeukia Wilfred. "Hai, shikamoo."

Usaili wa kwanza haukugusa kompyuta hata kidogo. Waliulizwa: kama ungekuwa mnyama, ungekuwa mnyama gani? Waombaji walikuwa wamejaa kwenye benchi, na karibu wote wakajibu simba. Nchi nzima simba! Mmoja aitwaye Laurean, kijana wa Pangani ya hapohapo Kibaha, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Bukoba, alijibu tai, kwa sababu tai anaona mbali. Laurean alikuwa mzoefu. Suti ilikuwa ya kaka yake, viatu vya shemeji yake, lakini majibu yalikuwa yake mwenyewe, ameyapiga pasi kwa kuhudhuria usaili kila mahali. Kidawa akajibu mbuzi.

"Mbuzi?" Mkuu wa Maono akashangaa. "Kwa nini mbuzi?"

"Anakula kilichopo na hamsumbui mtu."

Wakatazamana, wakaandika. Kidawa akajua ameharibu. Kumbe kesho yake akaitwa tena, na Laurean akaitwa, na masimba kadhaa pia.

Usaili wa pili ulikuwa wa ubaoni. Walipewa kalamu wakaambiwa wapange taarifa kwa mfano wa mti wenye matawi, halafu waandike maelekezo ya kuupindua mti huo, tawi la kushoto liende kulia. Kidawa akaupindua vizuri tu. Jioni akawasimulia nyumbani, mzee akaacha kula.

"Umeupindua ili iweje?"

"Ili waone kama najua, baba."

"Na ukishapinduka?"

"Basi. Unafutwa."

Mzee Abdulwahab alimtazama mkewe, akamtazama binti yake. "Si waje huku shambani," akasema, "kuna mikorosho miwili imekauka, waipindue na ipate faida." Mwamvita akacheka mpaka akaomba msamaha. Kidawa hakucheka sana, maana alijiona yuko karibu na Kisarawe kuliko alivyokuwa asubuhi.

Usaili wa tatu ndio uliowatoa watu jasho. Walipewa kazi ya nyumbani, kila mmoja kivyake. Kidawa aliambiwa atengeneze programu ya kupokea oda za mayai: mfugaji anaandika trei, mteja anaandika anapokaa, oda inakwenda. Alikaa nayo usiku na mchana. Kwa kuijaribu alihitaji wateja wa bandia, akaandika majirani zake: Bibi Biasha wa Ruvu, trei tatu, yasiwe madogo. Akaipenda ile programu, akaipamba, akaiwekea Kiswahili safi ambacho hata Bibi Biasha mwenyewe angekisoma.

Siku ya kuwasilisha, waombaji walikutana chini kwenye banda la chipsi, pembeni ya duka la magodoro. Laurean akasema yeye alipewa sehemu ya malipo. Msichana mmoja, Sada, akasema yeye alipewa hesabu ya ghala la mayai. Mwingine alipewa usafirishaji. Kidawa akaacha chipsi zikapoa.

"Nyie," akasema. "Hivi mnaona? Mayai, mayai, mayai. Huu si mtihani. Huu ni mfumo wa mtu mmoja, wameukatakata kama nyama ya hitima, kila mtu kapewa kipande chake."

"Punguza sauti," Laurean akamwambia, anatazama juu. "Watasikia wakuondoe."

"Sasa wewe huoni?"

"Naona. Mimi nilishaona tangu kampuni ya mwaka juzi. Sasa nikishaona nifanyeje, Kidawa? Nirudi nyumbani nikawaambie nimeona?"

Walikula, wakafuta mikono, wakapanda ngazi, wakakabidhi. Na Kidawa mwenye mdomo wake alikabidhi pamoja nao, tena akasema asante.

Usaili wa nne uliitwa chakula cha utamaduni. Maana yake walikaa na wakuu wote kwenye meza ndefu, wakala pilau huku wanatazamwa wanavyokula. Wilfred alikuwa na furaha siku hiyo. Akawa anamuuliza kila mtu kwao wapi, na alipofika kwa Kidawa, akajibiwa: Mlandizi, Mzaramo.

Wilfred akaweka kijiko chini. "Weee! Mzaramo? Mtani wangu! Mimi Mnyamwezi wa Urambo!"

Hapo ndipo mambo yalipobadilika, na msomaji anaelewa kwa nini. Mzaramo na Mnyamwezi wakishatambuana, kuheshimiana kunawekwa kando. Mnaweza kutukanana mbele ya wakwe na hakuna wa kununa. Msibani mtani anaweza kulala kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Anachukua jembe, anachukua kitanda cha marehemu, na wenye msiba wanakomboa huku wanacheka na machozi yanawatoka. Kununa ndiyo aibu. Kidawa alilijua hilo tangu utotoni, na mdomo wake uliokuwa umefungwa tangu usaili wa kwanza ukafunguka.

"Ndiyo maana!" akasema. "Nikajiuliza huyu mtu na raba nyeupe, mbona anatembea kama kabeba pembe ya ndovu kichwani? Kumbe mpagazi! Babu yako kapita kwetu na mzigo, babu yangu kampa maji kwa kata, na mpaka leo hamjairudisha!"

Meza ikalipuka. Mkuu wa Ukuaji alitema pilau. Wilfred akafuta machozi.

"Na nyie Wazaramo! Ngoma ikilia hata mgonjwa anatoka wodini!"

"Anatoka, ndiyo. Na anarudi amepona. Nyie mnakaa maofisini na bembea, mtu mzima na ndevu anajibembeza, halafu mnasema mnaratibu furaha!"

Wilfred akapiga meza kwa kicheko. "Jamani, huyu hapana! Mtani, umepata kazi! Jumatatu uanze!"

Wote wakapiga makofi wanacheka, na Kidawa akacheka nao. Alipokuwa anashuka ngazi ndipo kicheko kilipomkauka. Amepata kazi, au ametaniwa?

Nyumbani kikakaa kikao. Mwamvita alitaka kupiga vigelegele, mzee akamzuia.

"Subiri kwanza mama Kidawa. Alivyosema umepata kazi, alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka, baba."

"Anacheka kidogo au anacheka sana?"

"Mpaka machozi."

"Na ni Mnyamwezi."

"Wa Urambo."

Mzee akatikisa kichwa. "Hapo hapana kazi."

"Mbona kasema na siku?" Mwamvita akadakia. "Mtu anayetania hataji siku!"

"Babu yangu mimi alikuwa na mtani akamwahidi ng'ombe, akataja na siku, na rangi ya ng'ombe akaitaja. Babu akajenga zizi."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Kidawa aliwaza kumpigia Wilfred simu amuulize, lakini hilo nalo ni gumu, maana ukimuuliza mtani kama alikuwa anatania umeshashindwa utani, na kama kazi ilikuwa ya kweli umejionyesha mjinga. Mwishowe mzee akaamua. Jumatatu aende na begi lake la nguo. Akikuta meza yake, nguo zirudi Mlandizi. Asipoikuta, asipoteze muda kurudi nyumbani, apitilize Kisarawe, baba yake mdogo ameshaambiwa.

Jumatatu Kidawa akapenya kwenye magodoro na begi lake, akapanda. Benchini aliwakuta waombaji wapya, na wale wa zamani pia, Laurean na Sada wakiwa miongoni mwao, wameitwa usaili wa tano. Mlango wa chumba kikubwa ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na wageni, wafugaji wa kuku wa Kibaha, wazee kwa akina mama, wamevaa vizuri, mwenyekiti wao Mzee Abeid ameketi mbele na kofia yake. Wilfred alikuwa amesimama. Alipomwona Kidawa mlangoni na begi, akaangua kicheko.

"Mtani! Na begi kabisa? Kumbe ulichukulia kweli! Jamani wageni, huyu mtani wangu, nilimwambia ana kazi, kaja na begi!"

Wageni wakacheka kidogo kwa adabu. Kidawa aliumia. Sisemi aliumia kidogo, aliumia mpaka akaona mabati ya Kisarawe yamepangwa mbele ya macho yake. Alikuwa anageuka aondoke, ndipo akaona ukutani, kwenye picha kubwa inayotoka kwenye kompyuta: Bibi Biasha wa Ruvu, trei tatu, yasiwe madogo.

"Kama nilivyokuwa nasema," Wilfred akaendelea, "mfumo huu vijana wetu wameujenga humuhumu ndani, kwa miezi."

Kidawa akaweka begi chini. Akapita katikati ya wageni, "shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu," akaichomoa ile kompyuta kwenye waya wake, ukuta ukawa mweupe. Akaikumbatia, akakaa nayo sakafuni, akanyoosha miguu.

"Uwii! Uwii! Mtani wangu kafiwa!" akaanza kulia kilio cha matanga. "Kafiwa na aibu! Ilikuwa ndogo, haijaota hata meno! Sitoki hapa mpaka nikombolewe!"

Mkuu wa Maono akakimbilia simu. Wilfred akasogea, kicheko kimemganda. "Basi mtani, inatosha, tuna kikao."

"Msiba hauna kikao!"

Mzee Abeid akamwinulia Wilfred mkono. "Bwana mdogo, ngoja. Ulimwita mtani wewe mwenyewe, au kajiita?"

"Nilimwita mimi, mzee, ila..."

"Basi hili la watani, sisi hatuliingilii." Akakunja mikono, akaegemea kiti. "Komboa."

"Komboa!" wakadakia akina mama wa kuku, wanafurahi, wengine wameanza kupiga makofi ya ngoma. Wilfred akatoa soda. Kidawa akaitazama, akalia zaidi. Wilfred akatoa fulana ya kampuni. Akatoa cheti cha ushiriki, tayari kina mhuri. Akina mama wakazomea cheti.

"Unataka nini sasa?" Wilfred akauliza, jasho linamtoka.

"Jumatatu si leo?"

Wilfred akawatazama wageni wake, akautazama ukuta mweupe ulikokuwa mfumo wake.

"Haya. Una kazi."

"Sema bila kucheka."

Wilfred hakuwa anacheka, alishaacha zamani. "Kidawa, una kazi. Mkataba Recho anakuandalia sasa hivi."

"Tumesikia," Mzee Abeid akasema, na akina mama wakapiga vigelegele vilivyofika mpaka kwenye magodoro. Kidawa akarudisha waya mahali pake. Kikao kikaendelea, wafugaji wakaupenda mfumo, hasa Kiswahili chake, wakaondoka wameridhika.

Mkataba alisaini palepale, na ulikuwa wa kweli. Wilfred hakuwa amenuna. Tena alimpeleka kwenye meza yenye kiti kizuri na akamwambia mtu mwenye moyo kama ule alikuwa anamtafuta siku zote. Cheo chake kilikuwa Mkuu wa Majaribio.

"Kazi yako ya kwanza hii hapa. Tumepata mteja mwingine, anataka mfumo wa kupangia bodaboda, Mlandizi na Kibaha yote. Ukate vipande, mmoja mmoja awe na chake, wale pale nje uwape kama kazi ya nyumbani. Wewe umepita huko, unajua kipande gani mtu anakiweza."

Kidawa akatazama mlangoni. "Na wale, wataajiriwa?"

Wilfred alimshangaa kwa dhati kabisa, bila ubaya wowote. "Tukiwaajiri, kazi itafanywa na nani?"

Kidawa alitaka kusema. Neno lilikuwa mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akalimeza. Akapiga simu nyumbani. Vigelegele vya mama yake vilianza kabla hajamaliza sentensi, halafu mzee akachukua simu, akasema kwa sauti ambayo Kidawa hakuwahi kuisikia kwake, "Mwanangu, mimi nilikosea. Mungu akuweke." Akasema anampigia Mbaraka sasa hivi atafute mtu mwingine.

Kidawa alikaa na simu mkononi. Aliona aibu, tena nyingi, na mshahara wake ulikuwa umeandikwa, na meza ilikuwa yake. Akawasha kompyuta. Kukata ule mfumo hakukumchukua muda, alikuwa anajua kweli kweli. Kipande kigumu kuliko vyote, cha kupanga njia, akakitenga kwa ajili ya Laurean, kwa sababu Laurean angekiweza.

Alipotoka nje benchi zima likasimama. Walishasikia vigelegele. Laurean akamshika mkono kwa mikono yake miwili, uso unamng'aa, hana hata chembe ya wivu.

"Hongera sana, Kidawa. Afadhali jamani. Sasa na sisi humo ndani tuna mtu wetu."

Kidawa akamkabidhi kipande chake, akamwambia akirudishe Ijumaa.